Kiwiko cha Karani

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mlinzi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea. Asubuhi tukifika yadi ya mbao tulimkuta amesimama getini, mkono kwenye komeo, na jioni tulimwacha palepale. Ndiyo maana tukamwita Komeo. Wengine walidhani ni uchapakazi, lakini mimi nilijua ni goti. Liliharibika zamani, chini ya gogo lililoteleza, na tangu hapo alilificha kama wengine wanavyoficha maradhi ya aibu.

Siri hiyo ilikuwa yetu watu watatu: yeye, dada na mimi. Mwenye yadi, tuliyemwita Tajiri, si mtu wa kufoka. Ni mpole, na huo upole ndio unaonitisha. Mpakiaji wetu mmoja aliumia mgongo. Tajiri akampa pole, akamshika mkono, akamsindikiza hadi nje ya geti, na kesho yake tukaona sura mpya kwenye lori. Kwa umri wa Komeo hakuna geti jingine litakalomchukua, na nyumba nzima ya dada inakula kwa geti lile.

Wa nne kujua, nadhani, alikuwa mbwa. Jina lake Karani, kwa sababu hakuna lori lililotoka bila yeye kulinusa gurudumu kwa gurudumu, uso umekunjamana kama mtu asiyeamini hesabu alizoletewa. Naye alikuwa amezeeka, mdomo mweupe. Alipoanza kuchechemea mguu wa mbele, Komeo alimfundisha anachokijua mwenyewe. Akawa anampitisha kwenye vumbi la mbao chini ya msumeno wangu, maana penye ulaini mguu haugongi na hitilafu haionekani. Saruji waliikwepa wote wawili.

"Shemeji," nikamtania, "sasa mmekuwa mapacha. Umebakiza mkia tu."

Hakucheka. "Wakishamjua yeye," alisema, "macho yatakuwa yameshafunguka."

Kisha asubuhi moja Karani alishindwa kuinuka mbele ya Tajiri, na Tajiri akamwita daktari wa mifugo.

Alikuja mama mmoja mnene mwenye viatu vya mpira, maneno machache na mikono isiyo na haraka. Nilimpenda papo hapo, na papo hapo nikamwogopa. Jambo la kwanza alilotaka ni nizime msumeno.

"Nataka kusikia kucha zake," alisema. "Mtembezeni kwenye saruji, mpaka ukutani na kurudi."

Nikaiwahi kamba kabla Komeo hajanyoosha mkono. Tulikwenda, mimi na mbwa, na yadi nzima ilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Rudi tena," daktari alisema. "Polepole."

Tajiri alisimama pembeni, mikono nyuma. "Mbona mimi sioni kitu? Naangalia mguu, naona uko sawa."

"Usiangalie mguu, bwana. Mguu anaupanga mwenyewe. Angalia kichwa. Akikanyaga unaouma, kichwa kinapanda. Akikanyaga mzima, kinashuka. Halafu sikiliza. Anayeumia hakanyagi sawasawa, hata ajikaze vipi."

Tajiri akaangalia. Uso wake ulichangamka kama wa mtoto aliyefumbua kitendawili. "Naona," alisema. "Ee, sasa naona kabisa."

Daktari akapiga magoti. Alianzia vidoleni, maana hata mwiba huchechemesha, akapanda taratibu, huku mguu mwingine akiushika kwa mkono wa pili ili alinganishe. Upande wa kulia nyama za begani zilikuwa zimekonda. Bega lenyewe alilizungusha bila shida. Alipokunja kiwiko, Karani alilamba midomo na kutazama kando.

"Ni hapa," daktari alisema. "Kimevimba kwa nje, na hakikunjiki mpaka mwisho. Weka kidole, bwana. Unasikia panavyosaga?"

Tajiri aliweka kidole na hakukiondoa haraka. "Amefichaje siku zote hizi?"

"Wazee ndivyo walivyo. Hawalii. Wanapunguza kutembea tu, wanachagua mahali pamoja, wanakaa hapohapo. Mtu anasema ametulia, kumbe anaumia."

Tajiri aliinua uso akatazama getini.

Daktari aliendelea. Kiungo kimechakaa, alisema, na picha ya mifupa itaonyesha kimefika wapi, lakini mbwa si wa kutupwa. Apunguzwe uzito, apewe dawa ya maumivu, atembezwe kidogo kidogo, alale penye ulaini.

"Atabaki," Tajiri alisema. "Ametutumikia."

Nikashusha pumzi. Komeo hakushusha. Alimfungulia daktari geti, akalifunga, akasimama palepale, na mimi nikaenda kwenye swichi ya msumeno.

"Usiwashe kwanza," Tajiri alisema bila kunitazama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, ng'ambo ya saruji yote. "Komeo, hebu niletee funguo za ghala."

"Nimpe shemeji akuletee, Tajiri?"

"Niletee wewe."

Akaja. Somo la daktari alikuwa amelisikia, kwa hiyo kichwa alikikaza, hakikupanda wala kushuka, na jasho lilimtiririka shingoni. Karani alimfuata nyuma. Lakini ile yadi ilikuwa kimya, na hatua moja ilianguka nzito na ya pili nyepesi, nzito na nyepesi, mpaka mwisho. Nilimchukia yule daktari kwa kuijua kazi yake. Kidole changu kilikuwa bado juu ya swichi, na sikuthubutu.

Tajiri alipokea funguo, akazitia mfukoni bila kuziangalia.

"Asante, mzee wangu," alisema kwa upole wake uleule. "Hebu rudi tena mpaka getini. Polepole."