Shuka za Wodi ya Watoto

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mama Povu, maana mikono yake haikukauka kutwa nzima. Shuka za wodi ya watoto zilikuwa zake. Alizikung'uta matapishi, akazisukumiza kwenye mashine huku akiwachekesha wenzake kwamba mumewe siku hizi humnusa kabla hajamwona.

Msimu mmoja homa ya kutapika ilijaa wodini, kisha ikaingia hadi nyumbani kwake. Akaumwa yeye, akaumwa mumewe, na binti yao wa pekee akatapika mpaka nyongo. Wote wakapona, wakamshukuru Mungu.

Miezi ikapita. Binti akaanza kunywa maji kama mtu aliyechimba kisima juani. Akawa anakojoa kitandani, msichana mkubwa wa darasa la tano. Nguo zikampwaya.

"Anarefuka tu," baba yake akasema.

Mama Povu alimfokea binti kwa ajili ya godoro. Asubuhi moja akamkuta anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na akiitwa haitiki.

Binti alizinduka akiwa amelazwa kwenye wodi ileile ya watoto. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, akawaketisha wazazi.

"Ni kisukari. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini zimekufa, karibu zote. Atachomwa sindano maisha yake yote."

"Zimeuawa na nini?" Mama Povu akauliza.

"Na kinga ya mwili wake mwenyewe. Kuna virusi tunavyovishuku. Huenda huingia kwenye seli zile, au huichokoza kinga izigeukie. Lakini wengi huvipata, na kisukari wasikipate."

"Ile homa niliitoa huku kazini."

"Labda aliipata shuleni. Labda haihusiki kabisa. Hatujui, mama."

Mumewe akamshika bega. Yeye alitazama sakafu. Laiti angeambiwa ndiyo, angejua uchungu wake auweke wapi.

Aliomba apewe shuka za wodi nyingine, akanyimwa. Tangu hapo, akitoka kazini huoga uani kabla ya kuingia ndani, na binti akimjia humzuia kwa kiganja.

"Mama, seli zimeshakufa," binti akamwambia jioni moja, sindano mkononi, bila hasira yoyote. "Sasa unanikinga na nini?"

Mama Povu alikwenda kuoga, akajisugua mpaka ngozi ikawasha, ndipo akaja kumkunjia ngozi ya tumbo ajichome.