Mama Goreti Hakunawa Uso

Nimekosa, na sina wa kumsukumia kosa hili. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na akili zangu, nimekaa kwenye kiti mchana kweupe, nikabonyeza kitufe kimoja cha kompyuta. Tangu siku hiyo nimehama miji minne. Kidole kile nimehama nacho.

Nisikilize kama ungemsikiliza ndugu yako.

Kigoma nilifika kwa treni, baada ya kutoka Korogwe kwa basi hadi Morogoro. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, cheti cha kidato cha nne, na kamera ya kupigia harusi niliyoifunga ndani ya kanga ya dada yangu. Baada ya Tabora kichwa cha treni kiliharibika. Tulikaa porini siku nzima tukila mahindi ya kuchemsha na kugombana na watu tusiowajua. Asubuhi ya siku ya nne ziwa likatokea kati ya vilima, nami nikasahau uchovu wote.

Mimi ni mtu wa kuhamahama, ila kitu kimoja sijakihama tangu utoto: napenda kuwatisha watu. Harusi zilinilisha tu. Nilichotaka ni kutengeneza filamu za kutisha.

Nikazitengeneza. Damu yetu ilikuwa mawese yaliyotiwa unga kidogo wa muhogo. Matukio ya usiku tuliyapiga saa sita mchana, nikapunguza mwanga wa kamera na kuweka kipande cha nailoni ya bluu mbele ya lenzi. Filamu nne za kwanza ziliuzwa soko la Mwanga, palepale Kigoma, zikaonyeshwa kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, hadi vijiji vya ziwani. Nikipita Ujiji watoto walinikimbia huku wakicheka. Hadi leo harufu ya samaki wa migebuka wakikaangwa inanirudisha siku zile, na nikikumbuka mwisho wake natamani isinirudishe.

Mganga wangu kwenye filamu, na maiti wangu pia, alikuwa Babu Sudi, mzee wa Ujiji aliyeshona kofia maisha yake yote. Katika filamu ya kwanza nilimlaza ndani ya sanda. Tulipomaliza, akakataa kuondoka.

"Washa hiyo mashine yako," alisema. "Wajukuu zangu wataniona nimekufa. Sasa waonyeshe nimeamka."

"Babu, watu wanajua ni mchezo."

"Wewe unajua. Mke wangu mdogo hajui, na ana haraka ya kurithi."

Tulicheka, lakini hakuondoka. Akachota maji, akanawa uso mbele ya kamera, akataja jina lake na mtaa wake, akasema, "Nipo, nimeshakula, nakwenda kulala." Tangu hapo ikawa desturi yetu. Yeyote aliyekufa au kuwa shetani kwenye filamu zangu alinawa mwishoni na kutaja jina. Watazamaji wa Kigoma waliizoea. Hakuna aliyeinuka kibandani kabla ya kunawa.

Kisha wakaja wakimbizi kutoka Burundi. Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani, ilijaa watu mpaka mchanga haukuonekana. Wakaletwa mjini kwa meli, wakapumzishwa uwanja wa mpira, wakapelekwa kambini. Nilipiga picha kama wengine. Humo ndimo nilimojulia kisa cha Mama Goreti.

Alikuwa mwanamke mrefu, ana kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Kule Kagunga alishikwa na kipindupindu. Bintiye Goreti, wa miaka kumi na mitatu, alipandishwa mtumbwi na majirani kuelekea kwenye meli, yeye akabaki kwenye turubai la wagonjwa. Alipopona, binti hakupatikana. Aliuliza kambini, aliuliza ofisini, jina halikuwepo. Akahamia Gungu, mtaa wa Kigoma mjini, akawa anafua nguo za watu, na kila boti ikifika anashuka ufukweni kutazama.

Mtu mwingine angemsaidia kutafuta. Mimi niliona filamu.

Niliandika kisa cha mwanamke aliyekufa kwa ugonjwa Kagunga. Anatoka ziwani na sanda akimwita mwanawe, na yeyote anayeitika anakufa. Nikaipa jina *Aliyebaki Kagunga*. Nikamwendea akiwa na povu mikononi.

"Kaka, mimi si mwigizaji," alisema.

"Huhitaji kuigiza, mama. Unatoka majini, unaita tu."

"Naita nani?"

"Jina lolote."

Akafikiri. "Hizi filamu zako zinafika kambini?"

"Zinafika kote."

"Na mwisho mtu ananawa uso, anasema jina lake na anapokaa?"

"Ndiyo."

"Basi nitakuja. Sitaki kingine. Mwanangu akiniona nikinawa atajua nilipo."

Huo ndio ulikuwa ujira wake wote.

Tulipiga siku moja. Alitoka majini na macho yametiwa unga, akaita kwa Kirundi, "Goreti! Goreti, mwana wanje!", yaani mwanangu. Babu Sudi, aliyekuwa ameshika nailoni, alinong'ona, "Huyu haigizi." Baadaye akanawa kwa maji ya ziwa, akajifuta na kitenge, akatazama kamera. Akasema jina lake, la kilima alikozaliwa, na la mtaa wa Gungu. Akamaliza kwa kusema, "Goreti, nimepona. Njoo."

Nilipokaa kwenye kompyuta kuikata na kuiunga, nikaitazama mara tatu. Kila alipofika pa kunawa, hofu yangu ilikwisha. Nilimwona mama mchovu anayemtafuta mtoto. Nikajiambia, filamu ya kutisha haimalizi watu kwa machozi. Niliota jina kubwa, nikaiona filamu hii ikinitoa Kigoma na kunifikisha Dar es Salaam.

Nikakiondoa kipande cha kunawa. Sauti yake akiita Goreti nikaiacha, kwa kuwa ilitisha. Halafu nikaongeza ubaya. Kwenye jalada niliandika: "Picha za kweli, zilinaswa ufukweni Kagunga."

Babu Sudi alipoiona hakusalimia. "Umemwacha ndani ya sanda," alisema. Hakufanya kazi nami tena.

Filamu ilienda kuliko zote. Mama Goreti hakuwahi kuiona, hakuwa mtu wa vibandani. Kila tulipokutana aliuliza, "Imefika kambini, kaka?" Nami nikajibu, "Imefika, mama." Alinishukuru. Alinifulia shati langu bure. Nililivaa.

Miezi ikapita. Siku moja nilimkuta soko la Mwanga akichagua dagaa, muuzaji akimtania, "Mama, unawachagua mmoja mmoja kama wachumba!" Mara mwanamke mmoja mwenye mzigo wa vitenge kichwani akasimama mbele yetu. Mzigo ukaanguka.

"Yesu wangu. Wewe ulikufa Kagunga."

"Nani kakwambia?"

"Nimekuona mwenyewe. Umetoka majini na sanda. Goreti alikuona, akaanguka palepale kibandani."

Mama Goreti alisikia jina tu. Akamshika mikono yote miwili. "Goreti yuko wapi?"

Mwanamke yule akaanza kulia. Goreti alikuwa kambini siku zote, ameandikishwa kwa jina la familia iliyompokea, ndiyo maana hakuonekana. Alikuwa anasubiri habari za mama yake. Kisha wakaonyeshwa filamu. Mwenye kibanda akatangaza ni ya kweli, na jalada likasema hivyohivyo.

"Tulikufanyia matanga," alisema. "Tukamnyoa Goreti nywele. Lakini hakutulia. Kila akifumba macho anasikia unamwita, anasema akiitika atakufa. Akasema hawezi kukaa nchi yenye ziwa hili. Akafuatana na watu. Sasa huu ni mwezi wa pili tangu aondoke."

"Kwenda wapi?"

"Wengine wanasema Uganda. Wengine Malawi. Hawakuaga."

Mama Goreti akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Kaka, mimi nilinawa. Wewe uliniona."

"Ulinawa, mama."

"Sasa kwa nini yeye hakuniona?"

Nikamwambia. Palepale, mbele ya dagaa na watu. Nilitamani anipige. Alimwinamia yule mwanamke, akamsaidia kukusanya vitenge vyake, akaondoka.

Nilizunguka madukani kukusanya filamu ile, nikavunja nakala nilizopata. Lakini tayari ilikuwa kwenye simu za watu. Nilikwenda kambini na kipande cha kunawa, nikakionyesha kibandani. Mtu mmoja akasema, "Tungeona hiki siku ile."

Nikaamua kuondoka. Asubuhi ya safari nilipita Gungu na kamera na ndoo ya maji safi. Nilimkuta anaanika nguo.

"Mama, nawa tena. Taja jina, umwite Goreti. Nitaizungusha kila nchi, mpaka imfikie."

Alitazama ndoo. Akaweka mikono majini, akanawa uso taratibu, akanitazama. Nikawasha kamera.

Alijifuta uso na kitenge.

"Mwite, mama."

"Hapana," alisema. "Akisikia sauti yangu tena atakimbia mbali zaidi. Zima, kaka. Popote alipo, mwache alale."

Nikazima. Akachukua ndoo ileile, akamalizia kusuuza nguo.

Wewe unayetengeneza filamu, na wewe unayerusha video kwenye simu na kuandika kwamba ni ya kweli ili watu washtuke, kumbuka kuna mtu mmoja, mahali fulani, anayeujua uso ule. Kwake yeye si burudani. Mimi nilimjua mtu huyo kwa jina, na nikabonyeza.

Mchana ule nilipanda treni, nikakaa upande usioonyesha ziwa. Mikoba yangu ilikuwa miwili. Kamera niliiacha mlangoni kwa Babu Sudi, juu ya kibao chake cha kushonea kofia, bila kubisha hodi.