Sijida Yangu Ndefu ya Alasiri

Wako watu pale Kisauni ambao mpaka leo wakiniona huweka kiganja shavuni, wakafumba macho na kuvuta pumzi kama wanaokoroma, nami hucheka pamoja nao, kwa sababu nikikasirika wataanza kukihadithia kisa tangu mwanzo, na wao wakihadithia hutia chumvi mpaka chakula hakiliki. Basi afadhali mniskize mimi mwenyewe. Aibu ni yangu, na utamu wa kuisimulia nao uwe wangu.

Mimi nauza viazi kwa jumla pale sokoni Kongowea. Mwenye kuijua Kongowea anajua kwamba malori ya bara hayangoji mtu aamke, na ikikaribia Idd ndiyo balaa kabisa, kila mama wa bajia mjini anataka gunia lake leo na si kesho. Idd hiyo ninayoisema ilinikuta nina siku tatu sijalala usingizi wa maana, nikifumba jicho dakika kumi juu ya magunia, naitwa, nafumba tena, naitwa tena. Ningejua yatakayonipata, Idd Pili ningejifungia chumbani na ufunguo nikautupa dirishani.

Lakini sikuweza kujifungia, kwa sababu ya Mwanaisha. Nilikuwa nimepeleka posa kwa babake, Maalim Omari wa Likoni, mtu mwenye chuo chake cha kusomesha watoto Kurani, mpole, mwenye maneno machache, na macho yanayokuangalia mpaka ukakumbuka dhambi ulizofanya ukiwa darasa la nne. Maalim alimwambia shangazi yangu, Bi Zuhura, "Tutawajibu, inshallah," kisha akanyamaza Ramadhani nzima. Ghafla Idd Mosi ukaja ujumbe kwamba kesho yake wao wanavuka feri waje na wajukuu kwenye ile bustani ya michezo ya Kisauni, na kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji, niwapokee.

"Athumani," shangazi akaniambia, "usidhani waenda kutembea. Waenda kutazamwa."

Nikaenda kutazamwa. Nilivaa shati jipya la maua ya manjano (shati hilo lishikeni, litatangazwa) na nikawa getini kabla hawajafika. Walikuwa Maalim, mkewe Bi Fatuma, Mwanaisha ndani ya buibui lake akiniangalia kwa jicho moja na jingine akimwangalia babake, na wajukuu sita ambao naamini walipewa amri ya kunimaliza. Nilipanda bembea la duara mara nne. Nilipanda ile treni ya watoto inayolia honi kila ikipita kona, magoti yakiwa masikioni. Niliteleza kwenye bwawa nikiwa nimepakata wawili na wa tatu ameshika shingo yangu. Kila nikitupa jicho namwona Maalim amekaa kwenye kiti chake, tasbihi mkononi, ananitazama tu.

Adhuhuri tuliswali msikiti wa jirani, tukarudi tukala biriani ya Bi Fatuma, na hapo ndipo mwili wangu ulipogoma. Biriani juu ya siku tatu za kukesha, jua la Kisauni, muziki unapigwa kwa spika nane, jamani, nilikuwa nikizungumza na Bi Fatuma nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia, "Gunia la kilo tisini." Alikuwa ameniuliza kama nataka maji. Nikaomba ruhusa niende msalani, na ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta pa kulala robo saa.

Sasa nyinyi nendeni mkatafute mahali patulivu kwenye bustani ya michezo siku ya Idd Pili, kisha mje mniambie. Chini ya mti wa mkungu kulikuwa na kivuli kizuri, nikakaa tu, mama mmoja nisiyemjua akasema, "Haya mwanangu, nishikie huyu nimpakulie babake," na nikajikuta nimepakata mtoto mchanga aliyenitapikia kidogo. Nyuma ya jenereta hapakuwa na mtu, na ukikaa dakika moja unajua kwa nini. Nikaenda chumba cha huduma ya kwanza, nikamkuta muuguzi wa makamo, ananiuliza, "Waumwa ni nini?" nikamwambia ukweli, usingizi, akasema, "Huo nami ninao. Toka." Mwisho nikaona vile vikombe vikubwa vinavyozunguka na watoto, vimefungiwa kamba, vimeharibika, hakuna foleni. Nikaingia kimoja nikajikunja ndani. Raha! Nilikuwa nimeanza kuota fundi alipokuja kuvijaribu, na kumbe alikuwa fundi mzuri, maana vilizunguka vyote.

Nilishuka nikipepesuka, na ndipo nikaliona banda la swala.

Lilikuwa banda la makuti, limetandikwa majamvi, wanawake wana upande wao nyuma ya pazia, na mbele kabisa, pale anaposimama imamu, kuna feni kubwa inavuma peke yake. Halikuwa na anayeswali. Lakini lilikuwa na kibao, "Kulala Marufuku," na askari mwenye rungu, na kwa macho yangu nilimwona akimdunga mbavuni mzee aliyejinyoosha mpaka akatoka. "Baba, hapa si gesti," akamwambia.

Hapo ndipo kilipokuja kile kiwazo kidogo, na mimi tangu siku ile naogopa viwazo vidogo kuliko vikubwa. Nikajiambia, aliyelala anadungwa rungu, lakini nani atamdunga mtu aliyesujudu? Sijida haina dakika. Nikapita mbele ya askari kwa adabu, nikaenda mpaka penye feni, nikapiga magoti, nikaweka paji la uso chini. Sikunuia swala, sikutia takbira, sikusoma hata herufi moja (Mola anisamehe), nilijikunja tu kama gunia. Ule upepo wa feni uliponipiga kisogoni, sikumbuki kitu tena.

Yaliyofuata alinisimulia Mwanaisha baadaye, na alipata taabu kuyasimulia kwa kicheko. Alasiri ikaadhiniwa msikiti wa jirani. Watu wakaingia bandani, wakaona kijana yuko mbele pekee, kwenye sijida. Nanyi mnajua ada yetu, ukimkuta mtu anaswali na wewe hujaswali, unamgusa bega ukamfuata, akawa imamu wako. Jamaa mmoja mnene akanigusa bega. Mwanaisha anasema niliitikia "mmh." Jamaa akaona hiyo yatosha, akatia takbira, akashuka sijida nyuma yangu. Wa pili akamfuata, wa tatu, safu ikajaa, ikaanza safu ya pili, wanawake wakajaa nyuma ya pazia, na wa mwisho kufika, amechelewa kwa kutawadhisha wajukuu, alikuwa Maalim Omari.

Wakasujudu. Wakangoja. Mwanaisha anasema mamake alimaliza kuombea wazazi, akaombea majirani, akafika mpaka kwa watu asiopatana nao. Kisha nikaanza kukoroma, koromo la chini chini la kukatika katika, na yule jamaa mnene akadhani imamu analia kwa kumwogopa Mungu, naye akaanza kulia. Aliyekuwa pembeni yake akasikia watu wawili wanalia, akaona haya yeye kubaki mkavu. Safu ya kwanza yote ikawa inafuta machozi kwenye jamvi.

Honi ya ile treni ya watoto ndiyo iliyoniamsha. Nikanyanyua kichwa, mara nyuma yangu nikasikia kishindo cha nguo, shaaa, kama watu wengi wanaoinuka pamoja. Nikaogopa, nikarudi chini. Shaaa, nao wakarudi. Nikanyanyuka tena polepole. Shaaa. Nikarudi tena.

"Subhanallah!" mtu akasema nyuma, ndivyo anavyokumbushwa imamu akikosea. "Subhanallah!" na wa pili. Nyuma ya pazia wanawake nao wakapiga makofi, kwa maana wao hukumbusha kwa kofi, na watoto waliokuwa nje waliposikia makofi wakadhani kuna mchezo, wakapiga yao na vigelegele juu. Na katikati ya zahama hiyo nikaisikia "Subhanallah" moja ya upole, ya sauti niliyoijua. Mkwe wangu alikuwa nyuma yangu, ameniweka mbele yake na Mola wake, na mimi sina udhu, sina nia, nina mate shavuni.

Ningegeuka pale pale nikasema. Ndivyo mwanamume angefanya. Lakini nikakumbuka tulivyofundishwa chuoni, kwamba mtu akitenguka udhu katikati ya swala hushika pua yake akatoka taratibu, watu wadhani pua inamvuja damu, asifedheheke. Nikashika pua. Nikamvuta mkono yule jamaa mnene nikamsukuma mbele, macho yake mekundu kwa kulia, nikapita pembeni ya safu nimeinama, mpaka nje kwenye mifereji ya kutawadhia. Huko nikatawadha kikweli, nikajiambia Athumani, umepona.

Maalim alitoka wa kwanza. Akaja moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," akasema, na macho yake yalikuwa na maji, "miaka arubaini nasomesha watu swala. Kijana wa leo kusujudu vile, na kelele zote hizi, na bembea, sijaona. Mimi nilikuwa na wasiwasi nawe, sikufichi, nilisema huyu ni mtu wa soko. Basi jawabu la shangazi yako ni hili. Mwanaisha ni wako, inshallah."

Nyuma yake watu walikuwa wanatoka, jamaa mnene anataka kunibusu mkono, na Mwanaisha amesimama kando ya pazia, anatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile macho yote mawili yananitazama mimi. Nilichokitaka mwaka mzima nilikuwa nimeshapewa, na nilichotakiwa kufanya ni kusema tu "Ahsante, Maalim." Wallahi nilifungua mdomo niseme hivyo. Lakini yule mzee alikuwa hajaniachia mkono, na alikuwa na furaha, na nikaona nitakula kwake, nitamwita baba, nitazaa watoto wamwite babu, na kila nikimtazama nitajua swala yake ya Idd Pili ilikwenda wapi.

"Maalim," nikasema, "nilikuwa nimelala."

"Kulala kupi?"

"Usingizi. Sikuwa naswali. Nilisujudu ili askari asinidunge rungu."

Jamaa mnene akasema, "Na kile kilio?" nikamwambia ni kukoroma, akakaa chini kwenye kiatu cha mtu.

Maalim akaniachia mkono. "Hawa watu wote wana deni la swala," akasema, "na nusu yao washatoka. Sasa tutawapataje?" Akanitazama, akaitazama nguzo ya spika. Sikuhitaji kuambiwa. Nikaenda mpaka kwa kijana wa kutangaza, mtu wa bara, nikamweleza sikioni. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akapunguza muziki, na bustani nzima, kwenye bwawa, kwenye bembea, kwenye foleni ya aisikirimu, ikasikia hivi: "Wasee, tangazo ni serious. Waliosali pale makuti nyuma ya jamaa wa shati ya maua ya manjano, mnaombwa mrudi mkasali tena. Imamu alikuwa amelala. Narudia, imamu alikuwa amelala. Huyu hapa, mnamuona."

Walinipandisha kwenye kiti ili nionekane. Watu wa Kongowea walikuwapo. Wateja wangu walikuwapo. Askari wa rungu alikuwapo, na aliniangalia kwa heshima fulani.

Swala ikarudiwa, Maalim mbele, mimi safu ya mwisho kabisa, na hakuna aliyekubali kusimama karibu yangu kwa kuogopa kucheka. Tulipomaliza, Maalim akaniambia taratibu, mbele ya mkewe, "Lile jawabu nimelirudisha. Nilimpa mtu mwingine, yule niliyedhani anasujudu." Wakaondoka kwenda kuvuka feri. Mwanaisha hakugeuka nyuma, na mimi nilikaa kwenye ukingo wa bwawa mpaka walipofunga mageti. Usingizi wote ulikuwa umekwisha.

Zikapita wiki tatu bila neno. Mpaka asubuhi moja, niko juu ya lori napokea magunia, nikamwona Maalim Omari anapita kati ya mikokoteni, kanzu ameipandisha isiguse tope. Nikaruka chini, "Shikamoo, Maalim," akaitikia, "Marahaba," akatazama viazi, akavisifu, akauliza lori limetoka wapi. Kisha akasema, "Ungenyamaza siku ile ningekuoza siku ile ile, na nisingejua nimemuoza nani. Njoo chuoni Jumamosi nne, ukae na watoto, usome mlango wa swala upya. Kisha mlete shangazi yako."

Nikaenda Jumamosi zote nne, nikikaa katikati ya watoto wa miaka saba walionizidi kujibu. Na niliapa mbele yao, na naapa tena mbele yenu, kwamba nikichoka nitasema nimechoka, na nikilala nitalala chali, mdomo wazi, adui na rafiki waone, na mwenye rungu lake anidunge. Sitajificha tena nyuma ya ibada, hata kwa dakika mbili.

Siku ya nikahi msikiti wa Likoni ulijaa. Maalim alinishika mkono wa kuume ili atamke maneno ya kuoza, watu kimya, nami nimeinamisha kichwa kama bwana harusi anavyotakiwa. Kisha akanivuta mkono, akauliza kwa sauti ambayo hata walioko nje waliisikia:

"Athumani, kabla sijaanza. Uko macho?"