Mlango wa Kushoto

Kazini kwako, ule mlango wa dharura umewahi kuufungua hata siku moja? Usijibu haraka. Wengi wetu tunaupita kila siku, tunayaona maandishi mekundu juu yake, na roho inatulia. Kitasa hatukigusi.

Kulikuwa na fundi wa simu ambaye jirani zake walimwita Baba Kopo, ingawa hakuwa na mtoto. Kopo alikuwa roboti: kichwa cha mkebe wa maziwa, miguu ya koleo, jicho moja la taa ya kijani, na makazi yake ndani ya gemu, mchezo wa simu. Fundi alimtengeneza peke yake kwa miaka mitatu, kwenye kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mteja aliyekata tamaa nayo, ndani ya kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza viatu. Asubuhi alibadilisha vioo vya simu, mchana alimfundisha Kopo kupanda ngazi. Kinyozi alikuwa akichungulia na kumtania kwamba watoto wa wenzake hutembea wakitimiza mwaka, wake ana miwili na bado anaanguka kama mlevi. Fundi alicheka, akaendelea. Alikuwa na kichwa kigumu na moyo mweupe. Hakutaka matangazo ndani ya gemu yake, hakutaka kumuuzia mtu nguvu za ziada. Mchezo kwake ulikuwa ahadi: ukimwonyesha mtu njia, iwe njia kweli.

Gemu yenyewe haikuwa na makuu. Kopo anaingia kwenye jengo, anawakuta roboti wadogo wamekwama, anawaongoza hadi kwenye mlango wenye taa kabla moto haujawafikia. Hatua arobaini, basi. Lakini kilichowanasa watu ni Karakana, ile sehemu ya gemu ambamo mchezaji anajijengea hatua zake mwenyewe. Unapewa kuta, ngazi, milango na moto, unavipanga kwa kidole, kisha unawawekea wenzako wacheze. Sharti lilikuwa moja, na fundi alilishika kama dini: huiweki hatua hadharani mpaka wewe mwenyewe umeicheza ukafika mwisho. Asiyeweza kuupita mtego wake asimtegee mwenzake. Tena kila hatua iliyowekwa aliikagua mwenyewe. Akiona kosa dogo, ngazi imekatika au kipande kimesahaulika, alilirekebisha kimyakimya na kumwachia mjenzi ujumbe. Wajenzi walimshukuru, na shukrani zile zilikuwa zimeanza kumlevya.

Siku moja, saa sita mchana, ikaingia hatua mpya kutoka kwa mjenzi aliyejiita Uzi Mweusi. Fundi alifurahi. Kwa miezi miwili mjenzi huyo alikuwa ameleta hatua tisa, zote zimenyooka, kila ukuta mahali pake kama mshono mzuri. Hakujua ni nani. Alimdhania mwanafunzi wa uhandisi.

Hii ya kumi iliitwa Ghorofa ya Tatu. Aliicheza huku anatafuna mkate. Chumba kimoja kirefu, safu kumi na mbili za meza, roboti mia mbili na sita wamekaa wameinama. Mlango mmoja kulia. Mwingine kushoto, wenye taa na maandishi ya kutokea, na nyuma yake ngazi za nje zinazoshuka hadi chini. Moto ulianza upande wa kulia. Fundi akamkimbiza Kopo kushoto, roboti wote nyuma yake. Mlango haukufunguka. Waliokuwa nyuma wakawasukuma wa mbele, wa mbele wakabanwa kwenye ubao, moto ukaja kigae kwa kigae. Akarudia. Akarudia tena, mara sita, mkate ukamkauka mdomoni.

Akajiuliza mjenzi alipitaje, akaifungua kumbukumbu ya mchezo wake. Kopo alikuwa ameponyoka kwa mlango wa kulia mwanzoni kabisa, peke yake, akawaacha wote mia mbili na sita ndani. Na gemu ilimpigia tarumbeta ya ushindi. Fundi alishtuka. Miaka mitatu alijivunia sheria yake, kumbe sheria ilimdai Kopo tu; juu ya wengine haikusema neno. Mtu angeweza kujiokoa nafsi yake na kuitwa mshindi.

Lakini mshtuko huo hakuuacha ukae. Aliona kosa la mjenzi, na mkono ukamwasha. Akaingia Karakana, akaliondoa kufuli kwenye mlango wa kushoto, akairudisha hatua hadharani na ujumbe juu yake: "Kazi nzuri sana, ila ulisahau kuufungua mlango wa kushoto. Nimekurekebishia. Sasa wanatoka wote." Kisha akapangusa makombo mezani na kurudia vioo vyake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, alirudi nyumbani akamkuta mkewe amekwisha fika. Mkewe alikuwa fundi cherehani kwenye kiwanda cha mashati, kazi yake kola, kola mchana kutwa. Kwa kawaida akirudi huvua viatu mlangoni, huosha miguu, ndipo salamu. Leo alikaa ukingoni mwa kiti, viatu miguuni, mkoba mapajani, kama mgeni aliyekuja kudai jibu. Fundi akaanza kumhadithia utani wa kinyozi wa siku hiyo. Hakufika mwisho.

"Baba Kopo," mkewe akasema.

Jina hilo hakuwahi kumwita. Alilichukia, maana aliona ni mzaha wa jirani juu ya tumbo lake.

"Ule mlango uliufungua wewe. Wa kwetu atatufungulia nani?"

Fundi hakuelewa. Mkewe akaiweka simu yake mezani, kioo juu. Gemu ilikuwa wazi, na juu ya kioo, pale panapoandikwa jina la mjenzi, pameandikwa Uzi Mweusi.

Alihisi kama amekanyaga waya wenye umeme. Akaitazama ile simu, akavitazama vidole vya mkewe vilivyotoboka-toboka kwa sindano, akarudi kwenye simu. Mwanafunzi wa uhandisi alikuwa analala upande wa pili wa kitanda chake.

Mkewe akamweleza, polepole, kama anavyoelezwa mtu mgumu wa kusikia. Ghorofa ya tatu ndiyo wanakoshonea. Mlango wa kushoto una kufuli mwaka wa tatu sasa, eti mashati yanaibwa. Miezi miwili iliyopita waya wa cherehani moja ulishika moto, moshi ukatanda, wanawake wakakimbilia kushoto wakalaliana pale mlangoni mpaka mmoja akavunjika mkono. Ndoo moja ya maji iliuzima moto, na msimamizi akawaambia wasikuze mambo, ufunguo uko karibu, dakika moja tu mlango unafunguka. Nusu ya washonaji wakamwamini. Ndipo yeye akaanza kujifunza Karakana kwa siri na kupima kwa futi ya kushonea, meza kwa meza, wakati wa mapumziko, akakijenga chumba chote kama kilivyo, ili kila mmoja akiona amkute roboti aliyeketi kwenye kiti chake. Walikuwa wamekubaliana na mshonaji mkongwe kuliko wote, wanayemwita Bibi Pindo, kwamba leo mapumziko ya saa nane wacheze wote pamoja. Wakishaona, waamue.

"Tukafungua simu," alisema. "Wote wakatoka. Mia mbili na sita, hata mmoja hakuungua. Watu wakapiga makofi. Mwingine akaibusu simu yake. Na msimamizi akapita akaomba acheze, akacheza, akasema, mmeona, hata roboti wanatoka."

Fundi akaivuta ile simu karibu, akauona mlango alioufungua.

"Umetuokoa kwenye simu. Sasa kauambie na moto uje huko huko."

Fundi akauliza lile swali ambalo asingeuliza kama angekuwa na busara: mbona hakumwambia. Mkewe akainua vidole vitatu. Mara ya kwanza alimwambia wakati Kopo ametoka mguu na fundi anautafuta. Mara ya pili fundi alikuwa anahesabu wachezaji wapya. Mara ya tatu ni siku ile ile ya moshi, nguo zake zinanuka, na fundi, macho kwenye kioo, alijibu: mwambieni msimamizi.

"Nikaona kinachotoka kwenye hicho kitu chako hukipuuzi," alisema. "Nikapitia huko."

Yapo makofi ambayo hayahitaji mkono. Fundi alilipokea lake, shavu zima likimwaka. Huyu ndiye aliyekesha akitafuta njia ya kuwaokoa mikebe. Kisha akasimama, akachukua ufunguo wa kibanda, na mkewe, viatu bado miguuni, akamfuata.

Kinyozi alikuwa anafagia nywele. Aliwaona wakipita mbio akaanza kusema jambo kuhusu Kopo, akaziona nyuso zao, akalimeza.

Kwenye kompyuta fundi alilirudisha kufuli, akaiweka hatua hadharani tena. Ni jambo baya kufunga mlango, hata ukiwa wa kuchora. Kisha akaigusa ile sheria yake. Tangu saa hiyo, katika gemu nzima, hakuna mshindi mpaka atoke wa mwisho. Mkewe, ameegemea bega lake, alikuwa anamwonyesha kwa ncha ya kucha: huyu ni mjamzito, huyu hasikii vizuri, hawa wawili ni mama na bintiye. Huyu ni mimi. Roboti wa safu ya saba, mbali na kulia, mbali na kushoto.

Hawakuwa wameondoka kibandani simu ya mkewe ilipoanza kulia. Mmoja ameungua mara nane. Mwingine yuko safu ya nne na hafiki hata nusu ya chumba. Mwingine aliandika neno moja tu, "Binti yangu." Mwisho ikaja sauti ya Bibi Pindo, kavu, haina haraka: kesho hapandi mtu juu mpaka mlango wa kushoto ufunguke tuone kwa macho.

"Wakikufukuza?" fundi aliuliza.

"Watakuwa wamenifukuza nikiwa nje."

Asubuhi yake alimsindikiza. Washonaji walikuwa wamejaa uani, kimya, mikoba kwapani, na ngazi za kupandia zilikuwa tupu. Msimamizi alikuja akicheka, akauliza kama leo ni siku ya picha. Hakuna aliyecheka naye. Bibi Pindo akamwambia, kwa adabu zote, "Baba, ulisema dakika moja. Tunakupa kumi."

Ufunguo ukatafutwa. Ofisini haukuwepo, kwa mlinzi haukuwepo, na aliyekuwa anautunza aliacha kazi mwaka juzi. Mia mbili na sita waliyasikia hayo kwa masikio yao, na mnong'ono ukapita kati yao kama upepo kwenye majani makavu. Mwishowe msimamizi akakubali kufuli likatwe. Washonaji kumi na wawili, Bibi Pindo na mke wa fundi wakiwamo, wakapanda na mlinzi kushuhudia, naye akiwa amebeba mashine ya kukatia chuma.

Fundi hakuruhusiwa kuvuka lango. Akazunguka jengo, alitaka aone wanaposhukia. Upande ule palikuwa na yadi ya mbao, imezungushiwa ukuta mrefu. Mfanyakazi wa kiwandani hana linalompeleka huko, na ghorofa ya tatu haina dirisha la upande huo. Muuza mbao akamruhusu kupita. Fundi akapenya kati ya marundo, akainua kichwa.

Mlango aliuona, juu kabisa. Chini yake kulikuwa na ukuta mtupu. Vipande vinne vya chuma vimechomoza kwenye saruji, vifupi kama vidole vilivyokatwa, vimeshika kutu, na baada ya hapo hewa, mpaka kwenye mbao.

"Ngazi ziko wapi?" alimuuliza muuza mbao.

"Ngazi gani? Zile zilikatwa kabla sijahamia. Walisema zinakula nafasi."

Mkewe alizichora zile ngazi. Alipima kila kitu kwa futi yake, ila hizo hakuweza kuzifikia, akaziweka kwa sababu maandishi juu ya mlango yalisema zipo. Fundi akapiga kelele. Huko juu mashine ilikuwa inakereza chuma, mlio umejaa yadi nzima. Akampigia simu mkewe, ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akapanda juu ya rundo la mbao akipunga mikono kwa ubao wa mlango usio na macho.

Mlio ukakatika. Mlango ukagoma, miaka ya rangi na kutu imeushika, halafu mlinzi akaupiga bega na ukafunguka wote kwa mara moja. Mlinzi akatoka nao. Mguu wake mmoja ulikanyaga pasipo na kitu, mashine ikamponyoka na kuanguka ghorofa tatu, ikapasua ubao hatua mbili kutoka alipokuwa fundi. Mikono ya wanawake ilimdaka mlinzi kwa ukosi wa shati na mkanda wa suruali. Alining'inia hivyo, nusu ndani nusu nje, mpaka wakamvuta akaingia kwa magoti.

Kisha wakaja kizingitini, mmoja mmoja, wameshika fremu. Bibi Pindo akatazama chini, akampisha aliye nyuma yake. Akaja mwingine, akatazama, akampisha mwenzake. Wa tano alikuwa mke wa fundi. Aliutazama ukuta, akavitazama vile vyuma vinne, akamwona mumewe juu ya mbao. Akasogea kando, na wa sita akaja kutazama.