Mabaka Meupe ya Kaskazini

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mtu wa udi mwingi na maarifa haba. Ofisi yetu ya ramani hapa Maskati ilipopewa sehemu ya kazi ya kuchora ardhi iliyoganda ya kaskazini ya dunia, alimwambia kila mgeni kuwa tunapima theluji. Nilimweleza, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, kuwa ni udongo uliokaa umeganda chini miaka na miaka, na sasa joto linauyeyusha, nyumba zinapinda, na gesi iliyofungika humo inatoka kuzidisha joto hilo hilo. Akaitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata ikawa theluji tena.

Nilichora kwa picha za setilaiti, nikizilinganisha na vipimo vya watafiti waliotoboa ardhi huko. Palipoganda nilipatia rangi ya buluu; palipofunikwa na mawingu, na hapana aliyepapima, nilipaacha peupe.

Ilipokaribia siku ya kuionesha ramani kwenye hoteli kule Bustan, alinijia mezani akayanyooshea kidole mabaka yale.

“Inatia aibu hii. Patie buluu.”

“Hatujui kama pameganda, bwana.”

“Nani atakwenda kuangalia?”

Nilimjibu kuwa wako watu wanaoishi huko, na watajenga kwa kuitegemea ramani hii. Alicheka, kazi akampa mwenzangu wa meza ya pili. Huyo hakuuliza kitu. Alijaza buluu kama fundi anayepaka ukuta wa nyumba mpya mtaa wa Mabela. Nilimdharau kuliko mkuu, maana tulisoma fani hii darasa moja.

Hotelini walipigiwa makofi. Mkuu, kanzu yake ya dishdasha imenyooka kwa pasi, alisifu “usahihi wetu,” na mwenzangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kununua. Sikumaliza kahawa yangu. Niliwapelekea watafiti ramani yenye mabaka, nikaeleza kilichobadilishwa, kisha nikaacha kazi.

Mama aliniuliza nyumbani kama kweli nimeacha mshahara kwa ajili ya barafu. Nikamsimulia yote.

“Basi mie nnaona umechelewa,” alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Watafiti waliniomba niendelee nao, na sasa nachorea nyumbani. Kiangazi kilichofuata walikwenda kupima baka moja kubwa. Walikuta matope, na njia ya watu imezama humo.