Mlango Wangu na Ile AC

Leo fundi amenigombeza nyumbani kwangu, na huku chai yangu anakunywa!

Mwanangu aliye Mombasa alinifungia AC sebuleni Desemba. Eti nisiteseke na joto. Joto gani hapa Masimba? Lakini naiwasha kila siku, kwa sababu ni yeye aliyeileta.

Sasa tokeni za stima hazimalizi wiki. Nikaita fundi, nikijua mashine imeharibika.

Akaangalia mashine. Akaangalia mlango. Akacheka.

"Magokoro, nyanya yangu, mashine ni nzima! Mlango ndio uko wazi. Baridi inatoka nje, nayo mashine inafanya kazi bila kupumzika. Unapoza Masimba yote! Funga mlango, stima itakaa."

Nikamwambia, "Wewe, hapa kwetu mlango ukifungwa mchana, watu husema mwenyewe hayuko. Wanapita. Tangu nizike mzee wangu, nikifunga nitaongea na nani?"

Chai akaimaliza polepole.

Basi nimeizima.

Mwanangu, ukiona hii usikasirike. Siku utakayokuja nitaiwasha, na mlango nitaufunga mwenyewe, kwa sababu ninayemngoja atakuwa ndani.

Nyinyi wengine, mbona mnapita tu? Ingieni. Chai iko.