Bwawa la Mama Kule Magamba

Mama alilichimba bwawa lile kwa jembe, kiangazi kizima, bondeni chini ya shamba letu la mihogo kule Magamba. Bwana shamba alikuja mara moja tu, akamwonyesha namna ya kuvuta maji kutoka kijitoni na kumwachia perege wachache kwenye debe.

Baba alifanya kazi mgodini Mpanda na kuja nyumbani Jumamosi. Alipoliona bwawa, alicheka.

"Mke wangu, samaki wanatoka ziwani, hawatoki shambani."

Kila asubuhi mimi na yeye tuliteremka na pumba, majani ya mihogo yaliyokatwakatwa, na mchwa tuliowachimbua kichuguuni. Maji yalichemka kwa midomo ya samaki.

Siku ya kuvua, majirani walikuja kutazama. Mama alipunguza maji, akaingia na tenga. Samaki walikuwa wengi ajabu, lakini kila mmoja alikuwa mdogo kama kidole changu, nami nilikuwa na miaka minane. Watu wakaondoka mmoja mmoja.

"Pumba zote hizo," baba alisema, "kuku wangekuwa wamenona."

Kwa siku kadhaa mama alikaa ukingoni akitazama tu. Kisha akaniambia, "Kosa si chakula. Wanazaana mno. Wote wanakula, hakuna anayekua."

Tangu hapo, kila mwezi tuliwatoa wadogo, tukawaanika kwa mboga. Pumba hatukuongeza hata kikapu kimoja. Mavuno yaliyofuata, perege mmoja alijaa sahani ya baba. Alikula hadi mifupa, akanawa, akasema, "Kumbe." Mama alijifunika uso kwa khanga, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Sijamwona tena akicheka vile.

Mwaka uliofuata baba alipewa nyumba ya mgodini, tukahama. Bwawa tulimwachia jirani yetu mmoja. Mjini hapakuwa na bonde wala kijito. Palikuwa na ua wa saruji na bomba la foleni. Mama alinunua samaki wakavu kutoka ziwani, akiwageuzageuza mkononi.

Siku moja yule jirani alikuja kutusalimu na fungu la perege ndani ya majani ya mgomba. Mama alilifungua haraka. Walikuwa vidole.

"Dada, hukuwapunguza?"

"Niliwaonea huruma."

Mama aliwapika vizuri, akamshukuru sana mgeni, akamsindikiza mpaka njia ya Magamba. Nilimfuata. Jirani alipotoweka, mama aliendelea kusimama pale, akiitazama njia.

"Mama, turudi?" nikauliza. Nilimaanisha nyumbani, mgodini.

"Baba yako hawezi kuacha mgodi," alinijibu.

Leo nimemzidi umri aliokuwa nao siku ile. Ningekuwa na miguu yangu ya siku ile, ningemshika mkono, tukaenda Magamba.